Boga la Shangazi Ndani ya Ngome ya Risasi

Wa kwanza kusema kwamba sitaweza alikuwa fundi wa magurudumu wa pale Karatu mjini. Nilimwoshea magari ya watalii kwa miaka mitatu, na siku nilipomuaga kwamba naenda Afrika Kusini kusomea vyombo vya kupimia, alicheka mpaka akaweka spana chini.

"Dogo, wewe hata presha ya tairi unaisoma kinyume. Utapima nini?"

"Mionzi," nikamwambia.

"Mionzi!" Akawageukia vijana wenzangu wa ndoo na matambara. "Jamani, msikieni. Akirudi atatupima na sisi, tuogeni kabisa."

Wa pili alikuwa rafiki yangu Mmaasai, mlinzi wa kambi moja ya mahema karibu na ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Yeye hakucheka. Alisema masomo naweza kuyaweza, ila kurudi sitaweza, kwa sababu hajawahi kumwona aliyekwenda kule akarudi akiwa na kazi ya maana. Wa tatu alikuwa shangazi yangu wa Buger, dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Shangazi alinifungia mahindi ya kuchoma na chumvi kwenye karatasi, akanitazama kichwani mpaka miguuni, akasema: "Utarudi na koti." Siku zile kila aliyekwenda mbali alirudi na koti, na mara nyingi hakurudi na kingine.

Nilirudi na koti, sikatai. Nilirudi pia na stashahada. Nilifagia maabara ya mgodi miaka miwili kabla hawajaniruhusu hata kushika chupa, nikasoma chuo cha jioni miaka minne huku mchana nikibeba sampuli za mawe, na nikamaliza wa pili katika darasa la watu waliokuwa na baba zao wa kuwalipia. Nasema haya kwa kujisifu, kwa maana nimechoka kungoja mtu mwingine anisifie. Uchovu huu si wa kulala ukaisha. Ni wa mtu ambaye kila alipofika alikuta inambidi aonyeshe tena kwamba amefika.

Maabara ile ilipofungwa, vyombo vyake viliuzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Wenzangu walinunua mizani na majokofu. Mimi nilinunua fuwele moja, nene kama kopo la maziwa ya unga, imefungwa ndani ya alumini, na kisanduku chake cha umeme. Ndicho kitu cha thamani kuliko vyote nilivyowahi kumiliki, na watu wa nyumbani walipokiona waliuliza kama ni chupa ya chai.

Nieleze kinavyofanya kazi, maana nimekieleza kanisani, gereji na mnadani, na bado najivunia kukieleza. Gamma ni mwanga usioonekana, wenye nguvu nyingi, unaotoka kwenye baadhi ya mawe, udongo na vitu vingine. Huwezi kuishika. Inapita kwenye mwili, kwenye ukuta wa mbao, kwenye bati. Lakini ikiingia ndani ya fuwele yangu, mara nyingi hugonga elektroni, kama dume anayeingia zizini kwa kasi na kumgonga ndama. Elektroni huruka, gamma hukengeuka na kuondoka ikiwa imepungukiwa nguvu. Vitabu huita jambo hilo mtawanyiko wa Compton. Elektroni iliyogongwa hukimbia ndani ya fuwele na kuacha mmweko mdogo wa mwanga, na mmweko huo ndio ninaoupima. Gamma sijawahi kuiona mimi wala mtu mwingine. Ninachopima ni yule ndama aliyegongwa, jinsi alivyoruka, na kutokana na mruko wake najua dume alikuwa na nguvu kiasi gani.

Mimweko ikishakusanyika maelfu kwa maelfu, kompyuta huichora. Mchoro huo una tambarare ndefu, kisha ukingo unaoporomoka ghafla, kisha kibonde, kisha kilele kimoja chembamba. Ukingo ule ni mahali ambapo gamma imeigonga elektroni uso kwa uso na kurudi ilikotoka. Elektroni haiwezi kupokea zaidi ya hapo kwa pigo moja. Kilele ni pale ambapo gamma imeacha nguvu zake zote ndani ya fuwele. Kila asili ya gamma ina ukingo wake na kilele chake, haviazimwi. Kisoksi kikuukuu cha taa ya karabai kina cha kwake, kwa kuwa zamani walikitia thoriamu, metali yenye mionzi, ili kiwake vizuri. Mbolea ya potashi ina cha kwake, kwa sababu ya potasiamu. Hivyo viwili ndivyo vilikuwa rula zangu: kisoksi kimoja ndani ya bahasha, na nusu kilo ya potashi ndani ya chupa ya maji. Kila nilipowasha chombo niliviweka mbele yake ili kuhakikisha kwamba vilele vinakaa mahali pake, kisha nikavipeleka nje, mbali. Chupa ile naomba msomaji aikumbuke. Mimi niliisahau wakati ambao sikupaswa kuisahau.

Nilitangulia nyumbani bila fuwele; kuisafirisha kwa usalama mpaka Karatu kulihitaji pesa ambazo sikuwa nazo, na hapo ndipo nilipoanza kukopa. Rafiki yangu Mmaasai alinipa mtamba niuze. Alikuwa wa kijivu, mwenye baka jeupe ubavuni.

"Sitaki pesa," aliniambia. "Utanirudishia mtamba. Kijivu, na baka ubavuni."

"Na nikipata mwekundu aliye mzuri zaidi?"

"Basi utakuwa umepata mwekundu wako."

Halafu kulikuwa na risasi. Sisemi ya bunduki. Nasema ile metali laini, nzito, ya kijivu. Fuwele inahitaji kuzungushiwa ngome ya risasi, vinginevyo inasikia gamma za ardhi, za kuta na za kila kitu, kama mtu anayejaribu kumsikiliza mgonjwa katikati ya mnada. Karatu nzima risasi ilikuwa gereji, vile vipande vidogo vinavyogongwa kwenye rimu kusawazisha magurudumu ya magari ya watalii. Nikarudi kwa fundi aliyenicheka.

"Profesa!" akaniita. "Umerudi kunipima?"

Alikuwa na ndoo nane za vipande vipya na vya zamani. Hakutaka kuvitoa. Shangazi, aliyekuwa amekuja mjini kuuza maziwa, ndiye aliyeingia gereji na kitenge chake begani, akasimama kati yetu. "Mpe mtoto," alisema. "Asiporudisha, mimi nipo. Buger unaijua." Fundi alimtazama, akazitoa. Shangazi alininong'oneza tukiwa nje, "Nimekudhamini mbele za watu. Usinitie aibu mbele za watu." Kisha akanipa na betri yake ya sola, kwa ajili ya siku umeme utakapokatika.

Sikuviyeyusha vipande vile, kwa kuwa vilikuwa vya mtu. Nilivipanga ndani ya makopo bapa ya biskuti, nikajenga ngome ya makopo pande zote, juu na chini. Nilikodi nusu ya banda la mabanzi mtaa wa nyuma, nikatundika stashahada ukutani. Jumapili ya shukrani nikabeba fuwele mpaka kanisani Buger. Wakati wa matangazo nilisimama na koti langu, nikasema kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu wa wilaya hii atakayedanganywa kuhusu kilichomo ndani ya jiwe au maji yake. Walipiga makofi. Shangazi alipiga kwa nguvu kuliko wote. Makofi yale nimeyakumbuka sana baadaye.

Kazi zilikuja polepole. Kisima kimoja huku, udongo wa mfinyanzi kule, safari mbili za basi kwenda Wasso kwa ajili ya maji ya shule, siku nzima ya vumbi kwenda na nyingine kurudi, fuwele imelala mapajani kama mtoto. Wateja waliuliza kwa nini jibu linachukua siku tatu wakati mganga anajibu papo hapo. Kisha ikaja kazi kubwa. Hoteli mpya ilikuwa inajengwa kando ya barabara ya kuelekea lango la Ngorongoro. Mwenye mali, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa amesoma mahali fulani kwamba mawe ya nchi za volkano huweza kuwa na mionzi, na akataka barua ya mpimaji kabla kuta hazijapanda. Msimamizi wa ujenzi alinitafuta mimi. Hakukuwa na mwingine.

Mawe aliyotaka kununua yalikuwa ya shangazi.

Shangazi alikuwa na machimbo nyuma ya nyumba yake, mwinuko wa mawe ya kijivu ambao marehemu mume wake alikuwa akiuchimba kwa nyundo. Alikuwa na wanaume wanne wa kupasua, na mpaka siku ile aliuza kidogokidogo, msingi wa nyumba hapa, ngazi za kanisa pale. Hoteli ingechukua yote anayoweza kutoa kwa miaka miwili. Kwa mama mjane wa umri wake, huo ulikuwa mwisho wa kubeba maziwa kichwani.

Sasa niseme kosa langu, na niliseme waziwazi.

Kila kipimo cha gamma ni hesabu ya kutoa. Hata ngome iwe nene vipi, kitu fulani hupenya. Kwa hiyo kwanza unapima ngome ikiwa tupu. Ndipo unaweka jiwe lililosagwa, unapima tena, unatoa cha kwanza kwenye cha pili, na kinachobaki ndicho cha jiwe. Chuoni tuliambiwa tupime utupu kila siku ya kazi. Mimi nilikuwa nimeupima mara moja tu, mwezi niliofungua, na tangu hapo nikawa natumia namba ile ile. Umeme ulikuwa unakatika, saa za chombo zilikuwa chache, na kupima utupu kunakula saa sawasawa na kupima kitu. Tena, kusema kweli, kulikuwa na aibu fulani kukaa mchana kutwa mbele ya watu wanaochungulia mlangoni, ukipima kitu ambacho hakipo.

Mambo mawili yalikuwa yametokea katikati. Msimu wa watalii ulipoanza, fundi alikuja kudai sehemu ya risasi yake, magari yanamngoja. Nilimpa makopo mawili, nikayatoa upande unaotazama ukuta wa banda. Nikajiambia upande ule haupiti mtu. Kisha nusu ya pili ya banda, nyuma ya ukuta huo huo wa mabanzi, ikakodiwa na mkulima wa vitunguu wa Baray. Nilisikia makuli wakipakua mzigo siku nzima, puu, puu, ukuta ukitikisika. Sikutoka kutazama. Mtu wa Baray akishusha mzigo Karatu, mzigo ni vitunguu. Nani huuliza?

Nikapima mawe ya shangazi. Kilele cha potasiamu kilisimama juu, mara mbili ya nilivyotarajia, na ukingo wake chini yake mpana kama ukuta wa kreta ukiutazama ukiwa chini bondeni. Nilitoa ile namba yangu ya zamani. Kilichobaki kilikuwa kikubwa mno. Nilirudia, kikaja vilevile. Nikaandika barua: mawe haya yanatoa mionzi inayozidi ya kawaida ya eneo hili, sishauri yatumike kwenye vyumba vya kulala. Nikapiga muhuri.

Nilijivunia barua ile. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo nikilikumbuka. Nilijivunia kwamba nimekataa kumpendelea ndugu yangu. Nilijiona mtu mzito, wa vyombo, asiyeyumba. Nilimwambia msimamizi, "Huyo ni shangazi yangu wa damu, lakini kipimo ni kipimo," na akanipa mkono kwa heshima.

Barua haikukaa hotelini. Dereva wa lori aliiona, akawaambia wapasuaji mawe, nao wakawaambia wake zao. Wawili waliacha kazi wiki hiyo. Wiki iliyofuata maziwa ya shangazi yalirudishwa. Ng'ombe wake walikula nyasi juu ya machimbo, watu walisema, na maziwa yatakuwa yamebeba kitu. Hakuna aliyemtukana. Walimrudishia tu chombo kikiwa kimejaa, kwa adabu, na kusema leo wanayo.

Alikuja bandani asubuhi ya Jumatano, na mfuko wa maharage mkononi na boga kichwani.

"Shikamoo shangazi."

"Sikuja kwa shikamoo." Alitua boga juu ya meza yangu, juu ya makaratasi. "Pima."

"Shangazi, chombo hiki si cha maboga."

"Chombo kinachojua jiwe hakijui boga?"

"Si hivyo. Ni kwamba..."

"Boga hili limeota juu ya machimbo, kwenye udongo wa mawe yaleyale. Lenzake ulilila Jumapili ile uliyokuja, ukaongeza sahani. Kama mawe yangu yanaua, na boga linaua. Pima, nijue tumekufa lini."

Alivuta kigoda, akakaa mlangoni, akaanza kuchambua maharage. Nilijua hataondoka. Nilitoa kopo la juu la ngome, nikalisukuma boga mpaka likakaa juu ya fuwele, nikafunga. Lilienea kama vile ngome ilijengwa kwa ajili yake. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wanapita walisimama.

"Mama, mnapika kwa umeme wa risasi?"

"Anapima mionzi ya boga," shangazi aliwajibu bila kuinua macho. "Amesomea."

Tulikaa saa tatu. Yeye alichambua, mimi nilitazama kompyuta. Tambarare ilianza kuota, kisha ukingo, kisha kilele. Nilipoona kilele cha potasiamu kinapanda pale pale kilipopandia cha mawe, urefu uleule, jasho lilinitoka kwapani ndani ya koti. Boga lina potasiamu, ndiyo, kila chakula kina kidogo. Lakini boga moja haliwezi kutoa sawa na ndoo ya mawe yenye mionzi. Hakuna duniani boga la namna hiyo.

"Linasemaje?" aliuliza.

"Sawa na mawe."

"Basi tumekufa tangu Jumapili." Alitupa punje mbovu nje. "Na wewe uliongeza sahani."

Nilitoa boga, nikalirudisha mezani, nikafunga ngome ikiwa haina kitu ndani, nikaanza upya. Shangazi aliona.

"Sasa unapima nini?"

"Hakuna kitu."

"Unapima hakuna kitu?"

"Ndiyo, shangazi."

Alisubiri. Maharage yalikwisha, akakunja mikono. Kilele kilipanda tena, mahali palepale, karibu urefu uleule. Ngome tupu ilikuwa inatoa mionzi sawa na machimbo ya shangazi, sawa na boga lake. Ilikuwa mchana, na niliwasikia wale vijana wa bodaboda wakiendelea na utani wao nje, nami nikawa nimesimama tu, mikono imening'inia, nimechoka ghafla kama niliyetembea kwa miguu kutoka Wasso.

"Na hicho hakuna kitu," shangazi alisema polepole, "nacho kina mionzi?"

"Kina."

Hakucheka. Ningependa angecheka.

Niliitoa fuwele ndani ya ngome, nikaishika mkononi na waya wake mrefu, nikazunguka nayo chumbani. Mlangoni hesabu ilishuka. Mezani ikashuka kidogo. Nilipoielekeza kwenye ukuta wa mabanzi, pale nilipotoa makopo mawili ya fundi, ilipanda, na kadiri nilivyosogea ndivyo ilivyozidi. Niliweka sikio ukutani kama mjinga, kana kwamba ningesikia kitu. Kisha nikampigia simu mkulima wa Baray aje na ufunguo.

Alifika kwa pikipiki. Alipofungua mlango wake sikuona kitunguu hata kimoja. Kulikuwa na mifuko ya potashi, imepangwa kuanzia sakafuni mpaka usawa wa bega langu, imeegemea ukuta wangu. Alikuwa amewanunulia wenzake wote wa bondeni, anasubiri barabara ikauke.

"Vipi mtaalamu," alisema akitutazama, "kwani mbolea nayo ni dhambi?"

Mbolea ile haina ubaya kwa mtu, nimwambie na msomaji pia. Potasiamu ipo hata mwilini mwetu. Lakini nilikuwa na nusu kilo yake ndani ya chupa, rula yangu, niliyoipeleka nje kwa uangalifu kila asubuhi ili isiharibu vipimo, na mifuko isiyohesabika nyuma ya ubao mmoja. Mimi, wa pili darasani.

Shangazi alipapasa mfuko mmoja kwa kiganja. "Kwa hiyo mawe yangu hayana neno."

"Sijui bado. Inabidi nipime upya."

"Sasa ndiyo unasema sijui," alisema. Akabeba boga lake, akaondoka.

Mkulima alikubali kuhamisha mifuko. Nilihamisha ngome katikati ya chumba, nikapima utupu siku nzima, halafu mawe siku nzima, halafu utupu tena. Mawe ya shangazi yalikuwa ya kawaida, hayana tofauti na udongo wa shamba lolote la Karatu. Nikaandika barua ya pili na kuipeleka mwenyewe hotelini.

Msimamizi aliziweka zote mbili mezani, ubavu kwa ubavu.

"Barua mbili, jiwe moja. Niamini ipi?"

"Usiamini barua. Njoo utazame."

Alikuja. Nilimkalisha kwenye kigoda cha shangazi, nikapima utupu mbele yake, kisha mawe ya shangazi, kisha mawe ya mchimbaji mwingine ambaye msimamizi alikuwa ameshaanza kununua kwake. Kazi hiyo sikumdai. Alikaa mpaka mwisho, bila shaka kwa sababu alikuwa na hasira. Mawe ya mwingine na ya shangazi yalichora mlima mmoja. Alisema kuta za vyumba zimeshaagizwa kwingine, hawezi kuvunja ahadi, lakini uzio, ngazi na nyumba za wafanyakazi atachukua kwa mama. Ilikuwa karibu nusu ya kazi ya mwanzo. Nusu nyingine niliipoteza mimi, na hakuna chombo cha kuirudisha.

Nilikimbia Buger kumpa habari. Alikuwa anakamua. Alisikiliza mpaka mwisho, paji la uso ubavuni mwa ng'ombe.

"Hoteli imesikia," alisema. "Maziwa je?"

"Nitawaambia watu."

"Utawaambia mmojammoja barabarani, kama mtu anayeomba kura? Ulijisifu wapi?"

Niligeuza macho kuelekea kanisani.

"Mimi nilikudhamini mbele za watu. Kunirudishia ni mbele za watu vilevile. Betri ya sola kaa nayo kwanza. Hiyo si haraka."

Nilihitaji miezi mingine minane. Nilifanya kazi za visima mpaka Baray, nikala mhogo, nikapima utupu kila siku ya Mungu. Niliagiza bamba za risasi kutoka Arusha, zangu mwenyewe. Na nilitembea minada mitano kumtafuta mtamba wa kijivu mwenye baka ubavuni. Nilitaka kulipa vyote kwa pamoja, siku moja, ili nisibaki nimeinama kwa huyu huku nimenyooka kwa yule. Ni kiburi, najua. Sina kingine kilichonifikisha hapa.

Nilimpata kwenye wa tano, na mnada uliofuata, tulikopatana kukutana na mwenye deni lake, uliangukia Jumapili. Alfajiri nilipeleka makopo yote ya biskuti gereji kwa mkokoteni. Fundi aliyapima kwenye mizani ya gereji, kopo kwa kopo, hakuona upungufu. "Kumbe unarudisha," alisema. "Basi sikukosea sana, profesa. Presha ya tairi bado hujui." Saa mbili nilikuwa mnadani. Rafiki yangu alikuwa amepanda lori usiku kutoka kwao. Alimzunguka mtamba mara mbili, akagusa baka kwa fimbo.

"Baka la yule lilikuwa mbele kidogo."

"Ndugu yangu."

"Nasema tu." Akamfunga kamba. "Umerudi kweli. Nilidhani hutaweza."

Nikachukua pikipiki, betri ya sola mapajani, mpaka Buger. Ibada ilikuwa imefika kwenye matangazo. Katekista aliponiita nilisimama palepale niliposimama siku ya shukrani, na koti lile lile, maana sina lingine zuri. Nilikuwa nimeandika maneno, sikuyasoma. Niliwaambia kwamba nilisema mawe ya shangazi yangu ni mabaya, na sikusema kweli. Sikudanganya, lakini nilikuwa sijapima utupu, na kwa mtu wa kazi yangu hakuna tofauti. Niliwaambia kuhusu mifuko ya mbolea na ukuta wa mabanzi. Niliwaambia kuhusu boga. Hapo walicheka, wanawake wa benchi la mbele hasa, na niliwaacha wacheke mpaka wamalize. Nikasema maziwa yake ni maziwa, na mimi nayanywa mpaka leo. Hakuna aliyepiga makofi. Nikakaa.

Nje, mama mmoja jirani alimsimamisha shangazi langoni na kumuuliza, kana kwamba hakuna lililotokea, kama kesho atakuwa na lita mbili. Shangazi akasema tatu zipo. Kisha akanikuta nimesimama na betri mkononi. Aliipokea, akaigeuza, akatazama nyaya kama zipo zote.

"Lori la hoteli limefika machimboni tangu asubuhi," alisema. "Wapasuaji ni wawili tu."

"Leo Jumapili, shangazi."

"Mawe hayajui."

Alitangulia. Hatua chache mbele aligeuka, akanitazama kichwani mpaka miguuni, kama siku ile ya mahindi ya kuchoma.

"Vua koti," alisema. "Utalichafua."